Japani ilisalimu amri kwa ajili ya kiti cha Kaizari

Tarehe 8 Agosti 1945, saa 11 jioni kwa saa za Moscow, balozi wa Japani mjini humo, Satō Naotake, aliingia ofisini kwa Vyacheslav Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Stalin. Kwa wiki kadhaa Satō alikuwa akibisha hodi pale bila kupewa jibu la maana. Serikali yake ilitaka kumtuma Moscow Mwanamfalme Konoe Fumimaro, aliyewahi kuwa waziri mkuu, akawaombe Wasovieti wasuluhishe kati ya Japani na Marekani. Hiroshima ilikuwa imeteketea siku mbili kabla, na Tokyo bado ilikuwa inasubiri jibu hilo. Satō alipoanza kusalimia, Molotov alimkatiza, akamkalisha, akamsomea karatasi: kuanzia kesho yake Umoja wa Kisovieti uko vitani na Japani. Muda mfupi baadaye majeshi ya Kisovieti, watu wapatao milioni moja na nusu, yalianza kumiminika Manchuria, eneo la kaskazini-mashariki mwa China lililokuwa chini ya Japani.

Naanzia ofisini kwa Molotov kwa sababu ya jambo ambalo watu hulipita haraka. Siku mbili nzima baada ya bomu la kwanza la atomiki katika historia, wakubwa wa Japani walikuwa bado wameelekeza macho Moscow. Ukitaka kujua kwa nini hatimaye walisalimu amri, jiulize kwanza walikuwa wanasubiri nini.

Kila mwaka mwezi wa Agosti mjadala huu hufufuka. Wapo wanaosema bomu ndilo lililomaliza vita, na kwa hiyo lilikuwa halali kwa sababu liliokoa maisha. Wapo wanaosema ni Stalin aliyemaliza vita, bomu lilikuwa ukatili wa bure. Nimesoma hoja za pande zote kwa miaka, na naona zote zinakwama mahali pamoja. Zinapima kishindo: kipi kiliuma zaidi, bomu au majeshi ya Kisovieti? Ni kama vile uamuzi ulifanywa na waliokuwa wanaumia. Uamuzi ulifanywa na watu wachache sana ndani ya chumba kilichofungwa, na ukifuatilia walichokuwa wanabishania humo, neno linalorudi kila baada ya dakika chache ni kokutai, yaani umbo la taifa lenye Kaizari juu yake. Swali lao lilikuwa: kiti kitapona vipi? Walisalimu amri siku ile kusalimu amri kulipoonekana kuwa njia pekee iliyobaki ya kukiokoa kiti hicho.

Watu wenyewe walikuwa sita. Waziri mkuu Suzuki Kantarō, mzee wa miaka 77, admirali mstaafu. Waziri wa mambo ya nje Tōgō Shigenori. Waziri wa vita, Jenerali Anami Korechika. Waziri wa jeshi la majini, Yonai Mitsumasa. Na wakuu wawili wa majeshi: Umezu Yoshijirō wa nchi kavu na Toyoda Soemu wa majini. Hao sita waliunda Baraza Kuu la kuongoza vita, na kwa desturi yao maamuzi yalitakiwa yawe ya kauli moja. Juu yao alikuwepo Kaizari Hirohito, na pembeni yake mshauri wake wa karibu kuliko wote, Kido Kōichi, mtunza muhuri wa kasri.

Hawa hawakuhitaji bomu la atomiki kujua kwamba wameshindwa. Ujerumani ilikuwa imeanguka mwezi Mei. Okinawa ilipotea mwezi Juni baada ya karibu miezi mitatu ya mapigano, na raia wapatao laki moja wa kisiwa kile walikufa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi ndege za Marekani aina ya B-29 zilikuwa zimeimwagia Tokyo mabomu ya moto. Takriban watu laki moja walikufa usiku ule mmoja, na kilomita za mraba 41 za mji zikawa majivu. Miji zaidi ya sitini ilichomwa kwa mtindo huo kabla vita havijaisha. Marekani ilitega mabomu baharini mpaka meli za chakula zikashindwa kupita, mchele ukawa adimu, watu wakala mashudu ya soya na viazi vitamu, na hata hivyo havikutosha.

Kaizari mwenyewe alizuru sehemu za Tokyo zilizoungua, mwezi huo huo wa Machi. Aliona kwa macho yake. Vita vikaendelea miezi mitano mingine.

Hapo ndipo hoja ya kishindo inapovunjika. Kama vifo vya raia vingekuwa na uzito ndani ya chumba kile, Tokyo ya Machi ingetosha. Ilikuwa na vifo vingi kwa usiku mmoja kuliko mji wowote uliopigwa katika vita hivyo kabla yake. Sioni katika mwenendo wa wale sita baada ya Machi dalili yoyote kwamba vifo vile vilikuwa na kura kwenye meza yao.

Badala yake walikuwa na mpango, nao ulikuwa na akili ndani yake, jambo ambalo watu hupenda kulisahau. Jeshi lilikisia kwa usahihi kwamba Wamarekani watatua Kyushu. Kweli, Washington ilikuwa imepanga kutua huko tarehe 1 Novemba 1945. Basi Jeshi likahamishia Kyushu kila lililoweza: divisheni baada ya divisheni, ndege za kujitoa mhanga, wanawake na watoto wa shule waliofunzwa kuchoma kwa mikuki ya mianzi. Hakuna aliyetarajia ushindi. Walichotaka ni kuwamwagisha Wamarekani damu nyingi kiasi kwamba Washington ingekubali kuketi na kupatana. Wakati huo huo wanadiplomasia nao walikuwa na njia yao: Stalin awe mshenga.

Njia hizo mbili zilionekana kupingana, lakini zote zilisimama juu ya nguzo moja, nayo ni Wasovieti kukaa nje ya vita. Mapatano ya kutoshambuliana yalikuwepo tangu Aprili 1941, ya miaka mitano. Mwezi Aprili 1945 Moscow ilitangaza haitayahuisha, lakini Tokyo ikajiliwaza kwamba mwaka mmoja ulikuwa bado umebaki. Hawakujua kwamba Februari ile, kule Yalta, Stalin alikuwa ameshawaahidi Roosevelt na Churchill kuingia vitani miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kuanguka. Ujerumani ilisalimu amri tarehe 8 Mei. Hesabu miezi mitatu, unaangukia jioni ile ya Satō na Molotov.

Satō mwenyewe alikuwa ameona. Julai nzima alituma simu Tokyo akimwambia Tōgō waziwazi kwamba Warusi hawatawasaidia, na kwamba bora wakubali kushindwa ilimradi kiti cha Kaizari kibaki. Tōgō akamjibu kwamba kusalimu amri bila masharti hakukubaliki kwa vyovyote vile. Wamarekani walikuwa wanazisoma simu hizo zote, maana walikuwa wameshavunja msimbo wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani. Namhurumia balozi huyu. Ni yule mtumishi anayesema kweli kutoka mbali, na nyumbani wanamsoma kama mtu aliyekata tamaa.

Tarehe 26 Julai likaja Tangazo la Potsdam: salimuni amri bila masharti, la sivyo mtaangamizwa upesi na kabisa. Lilitolewa kwa jina la Marekani, Uingereza na China. Jina la Stalin halikuwepo, na Tokyo ikashika tumaini hapo hapo. Kuhusu Kaizari, tangazo halikusema neno. Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, alikuwa amependekeza iandikwe kwamba Japani inaweza kubaki na ufalme wa kikatiba. Sentensi hiyo ikaondolewa kabla ya kutangazwa. Tarehe 28 Julai Suzuki aliwaambia waandishi wa habari kwamba serikali yake italifanyia tangazo hilo mokusatsu. Neno hilo limeandikwa kwa alama mbili, ya kunyamaza na ya kuua. Unaweza kulielewa kama kulinyamazia jambo, na unaweza kulielewa kama kulipuuza kwa dharau. Ulimwengu ulisikia dharau. Kuna wanaosema kosa la tafsiri ndilo lililoleta Hiroshima, nami sikubaliani nao. Hata tafsiri ya upole kuliko zote isingebadilisha ukweli kwamba Tokyo haikuwa na nia ya kulikubali tangazo lile wakati ule.

Mwishoni mwa Julai, katika kipindi hicho hicho kati ya Potsdam na Hiroshima, Kaizari na Kido walizungumza juu ya jambo ambalo Kido aliliandika katika shajara yake. Halikuhusu chakula wala makimbilio ya raia. Walizungumzia vitu vitakatifu vya ufalme: kioo kilichotunzwa katika hekalu la Ise na upanga uliotunzwa Atsuta, Nagoya. Je, adui akitua karibu na ghuba ya Ise, vitanusurika? Kaizari alifikiri ingefaa vihamishiwe karibu naye, hata ikibidi avipeleke milimani, mkoa wa Nagano, ambako Jeshi lilikuwa likichimba makao makuu chini ya ardhi kwa jasho la vibarua wengi wa Kikorea waliolazimishwa. Siisemi habari hii kwa dhihaka. Kwa Hirohito vitu vile vilikuwa ndiyo uhalali wa ukoo wake, amana aliyopokea kwa wahenga na asiyotaka ipotelee mikononi mwake. Lakini ona kipi kilimkosesha usingizi.

Saa 2 na robo asubuhi ya tarehe 6 Agosti bomu likapasuka juu ya Hiroshima. Kufikia mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna sehemu katika habari hii ambayo haisemwi vya kutosha: sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Wamarekani ilitoka Shinkolobwe, Katanga, Kongo ya Wabelgiji. Wachimbaji waliyapakia yale mawe bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Bosi wa kampuni ya mgodi, Edgar Sengier, alikuwa ameyasafirisha mawe zaidi ya tani elfu moja hadi New York tangu mwaka 1940, akayaweka ghalani. Watu wa Katanga walibaki na vumbi la mgodi.

Tokyo ilifanya nini? Siku ya kwanza haikujua ni kitu gani. Alfajiri ya tarehe 7 wakasikia redio ya Marekani ikisoma tangazo la Rais Truman wa Marekani. Jeshi likasema huenda ni uongo wa propaganda. Mwanafizikia Nishina Yoshio akapelekwa kukagua, akathibitisha kwamba ni lenyewe. Tarehe 8 Tōgō akamwona Kaizari, na Kaizari akamwambia vita viishe upesi. Hilo sitalificha, maana lina uzito: bomu lilimsukuma Hirohito. Lakini Tōgō alipotaka Baraza la watu sita likutane siku ile ile, mkutano uliahirishwa hadi kesho yake, kwa kuwa mjumbe mmoja wa upande wa jeshi alikuwa na shughuli nyingine. Mji mzima umefutwa, na mtu ana shughuli nyingine.

Asubuhi ya tarehe 9 habari za Manchuria zikafika. Sasa shughuli nyingine zikakosa nafasi. Baraza lilikaa kama saa 4 na nusu asubuhi, na kwa mara ya kwanza wote sita walizungumza kusalimu amri kama jambo la kuamuliwa, si jambo la kunong'onezana. Nguzo ilikuwa imeanguka, pamoja na njia zote mbili zilizoiegemea. Mshenga amegeuka adui. Na kule Kyushu, ungepigana vipi pigano la mwisho upande wa kusini huku jeshi jingine linashuka kutoka kaskazini? Naibu mkuu wa majeshi ya nchi kavu, Kawabe Torashirō, aliandika siku ile katika shajara yake kwamba Wasovieti wameinuka, na kwamba kisio lake lilikuwa kosa.

Kulikuwa na hofu nyingine, ya zamani zaidi. Tangu Februari Konoe alikuwa amemwandikia Kaizari kwamba kushindwa hakuepukiki, lakini kibaya kuliko kushindwa ni mapinduzi ya kikomunisti yatakayofuata. Watu wa tabaka lake walikumbuka yaliyompata mfalme wa Urusi na familia yake. Ukishindwa na Wamarekani, kiti huenda kikabaki. Ukikaliwa na jeshi la Stalin, hakibaki. Hesabu hii si ngumu, na walikuwa watu wenye akili za kuifanya.

Wakiwa bado wanabishana, habari za Nagasaki zikaingia. Bomu la pili, saa 5 na dakika 2 asubuhi. Watu wapatao 70,000 walikufa kufikia mwisho wa mwaka. Ubishi uliendelea pale pale ulipokuwa. Suzuki, Tōgō na Yonai walitaka sharti moja tu, kiti cha Kaizari kibaki. Anami, Umezu na Toyoda walitaka masharti manne: kiti kibaki, Japani ijinyang'anye silaha yenyewe, iwahukumu yenyewe wahalifu wake wa vita, na nchi isikaliwe na majeshi ya kigeni, au ikaliwe kidogo sana. Tatu kwa tatu. Siku hiyo Anami alilieleza baraza la mawaziri kwamba Wamarekani wanaweza kuwa na mabomu mia moja ya aina ile na kwamba shabaha inayofuata ni Tokyo. Taarifa hiyo ilitoka kwa rubani wa Kimarekani aliyekamatwa na kuteswa, ambaye hakujua lolote. Anami alilitamka hilo kwa kinywa chake, na bado akataka vita viendelee. Mtu anayeamini adui ana mabomu mia na haogopi, huwezi kuniambia mabomu mawili ndiyo yaliyomshinda.

Usiku, karibu na saa 6, wote waliingia katika handaki lililo chini ya maktaba ya Kaizari. Katibu wa baraza la mawaziri, Sakomizu Hisatsune, alikuwa amepata sahihi za Umezu na Toyoda mapema, kwa maneno kwamba ni za kurahisisha kazi tu kama kikao kitahitajika ghafla. Wakajikuta wameitwa mbele ya Kaizari bila kujipanga. Chumba kilikuwa kidogo, joto kali, hewa nzito. Rais wa Baraza la Faragha, Hiranuma Kiichirō, aliuliza maswali marefu, kisha akadai maneno ya barua ya kulijibu Tangazo la Potsdam yabadilishwe. Tōgō aliandika kwamba hadhi ya Kaizari kisheria isiguswe. Hiranuma akataka isomeke kwamba mamlaka ya Kaizari kama mtawala mkuu yasiguswe. Nchi inaungua, na wazee wameinamia kishazi kimoja! Ndiyo, kwa sababu kishazi hicho ndicho kilichokuwa vita vyao.

Inakaribia saa 8 usiku, Suzuki akafanya jambo lisilo la kawaida. Akasema baraza limegawanyika, akamwomba Kaizari aamue. Hirohito akasema anaunga mkono Tōgō. Sababu alizotoa zinafaa kusomwa polepole. Alisema Jeshi halitimizi linayoahidi: aliambiwa ngome za pwani ya Kujūkuri, karibu na Tokyo, zingekuwa tayari, na hazikuwa tayari, divisheni za huko hata silaha hazikutosha. Akasema hawezi kuona watu wake wakiteseka zaidi. Akamtaja babu yake, Kaizari Meiji, aliyemeza machungu mwaka 1895 Urusi, Ujerumani na Ufaransa zilipoilazimisha Japani kuirudisha rasi ya Liaodong. Naamini alikuwa mkweli aliposema habari ya mateso ya watu. Lakini mateso yalikuwepo Machi, yakawepo Juni. Kilichobadilika Agosti ni kwamba Jeshi halikuwa tena na njia ya kumhakikishia kiti.

Asubuhi ya tarehe 10 barua ikatumwa kupitia Uswisi na Uswidi. Tarehe 11 likaja jibu lililoandikwa na James Byrnes, waziri wa mambo ya nje wa Marekani: tangu dakika ya kusalimu amri, mamlaka ya Kaizari na ya serikali ya Japani yatakuwa chini ya kamanda mkuu wa washirika. Hapo maafisa wa Wizara ya Mambo ya Nje walifanya kazi ya kitafsiri ambayo kila anayeishi kwa lugha mbili ataielewa. Waliandika kwamba mamlaka hayo yatawekewa mipaka na kamanda. Jeshi likatafsiri lenyewe, likapata neno linalomaanisha utii wa mtumwa kwa bwana. Sentensi moja ya Kiingereza, Kaizari wawili tofauti. Siku tatu zikapotea kwa ubishi huo.

Kilichoharakisha mwisho kilikuwa karatasi zilizodondoka angani. Usiku wa kuamkia tarehe 14 ndege za Marekani ziliimwagia Tokyo vipeperushi vilivyochapisha barua ya Japani pamoja na jibu la Byrnes. Asubuhi Kido alikipata kimoja, akakimbilia kwa Kaizari. Wanajeshi wakikisoma, alihofu, watapindua. Kikao cha pili cha handakini kikaitishwa haraka asubuhi ile, na Hirohito akarudia uamuzi wake mbele ya watu waliokuwa wakilia.

Hofu ya Kido haikuwa ya bure. Usiku ule Meja Hatanaka Kenji na wenzake walimuua Luteni Jenerali Mori Takeshi, kamanda wa walinzi wa kasri, wakaghushi amri kwa jina lake, wakalizingira kasri. Walikuwa wanatafuta sahani za santuri zenye sauti ya Kaizari iliyorekodiwa saa chache nyuma. Walipekua vyumba gizani kwa tochi. Hawakuziona, Tokugawa Yoshihiro, mmoja wa wahudumu wa Kaizari, alikuwa amezificha katika sefu dogo nyuma ya marundo ya makaratasi. Alfajiri Jenerali Tanaka Shizuichi akauzima uasi, na Hatanaka akajipiga risasi.

Katika usiku ule mtu ninayemfikiria sana ni Anami. Waziri wa vita angeweza kuvunja kila kitu kwa kujiuzulu tu: serikali ingeanguka, na Jeshi lingekataa kumtoa mrithi wake. Vijana wa Hatanaka walimsihi ajiunge nao. Hakujiuzulu wala hakujiunga nao. Aliweka sahihi kwenye waraka wa Kaizari wa kumaliza vita pamoja na mawaziri wengine, akaenda nyumbani, na alfajiri akajiua. Miaka ya nyuma aliwahi kuwa mpambe wa Hirohito. Kaizari alikuwa amekwisha kusema, na kwa Anami hilo lilikuwa kubwa kuliko vita alivyoamini viendelee.

Tarehe 15 Agosti, saa 6 mchana, Wajapani walisikia sauti ya Kaizari wao redioni kwa mara ya kwanza. Kiswahili chetu hakina kitu kinachofanana na lugha ile ya kasri. Wengi hawakuelewa, mtangazaji ikabidi afafanue. Neno lenyewe la kusalimu amri halimo. Sababu aliyowapa raia ilikuwa bomu: adui ameanza kutumia bomu jipya la kikatili mno. Juu ya Wasovieti hakusema kitu. Siku mbili baadaye, tarehe 17, alitoa waraka mwingine kwa majeshi. Humo sababu ni Wasovieti kuingia vitani, bomu halitajwi.

Nakala hizo mbili zinanipa zaidi ya kurasa nyingi za wachambuzi. Raia walipewa sababu inayowastahi: hakuna aliyeshindwa kwa uzembe, sayansi ya adui imetushinda. Yonai aliwahi kusema faraghani, tarehe 12, kwamba bomu na kuingia kwa Wasovieti ni kama zawadi za mbinguni, maana vimewapa nafasi ya kumaliza vita bila kusema wazi hali ya ndani ya nchi. Sakomizu naye baada ya vita alilisema bomu hivyo hivyo. Wanajeshi walihitaji sababu ya kijeshi, kwa kuwa wao walikuwa wamefundishwa kwamba kutekwa ukiwa hai ni aibu kuliko kifo. Wazee wetu wa Keya (KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walioteremka bonde la Kabaw kwa mvua na matope mwaka 1944 mpaka Kalewa, walikutana na askari wa aina hiyo. Kuna waliokufa kabla hata ya kufika: meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikiwa imejaa askari na wauguzi, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, na watu zaidi ya elfu moja na mia mbili wakazama nayo. Askari wa Kijapani kule Burma aliambiwa afe kwenye handaki lake. Waliomwagiza afe walikuwa na handaki lao Tokyo, nao humo walikuwa wanatafuta njia ya kupona.

Je, Washington ingesema mapema kwamba kiti kitabaki, vita vingeisha Julai? Ningependa kuamini hivyo, kwa sababu ya Hiroshima na Nagasaki. Ninavyosoma masharti manne ya tarehe 9 nasita. Anami na wenzake walitaka zaidi ya kiti hata baada ya mabomu mawili na Manchuria. Lakini sentensi ya Stimson ingewapa watu kama Satō na Tōgō kitu cha kushika mkononi, na kuiondoa lilikuwa kosa, hasa kwa vile Wamarekani wenyewe waliishia kuitekeleza. Hirohito hakufikishwa mahakamani. Alibaki Kaizari mpaka alipofariki tarehe 7 Januari 1989. Umezu na Tōgō walihukumiwa na wakafia kifungoni; Konoe alikunywa sumu Desemba 1945. Kilichopiganiwa handakini kilipatikana.

Tarehe 14 Agosti, kabla ya saa 6 usiku, Hirohito alikuwa ndani ya kasri akisoma maneno yake mbele ya kipaza sauti, mara ya kwanza, kisha mara ya pili kwa kuwa ya kwanza haikutoka vizuri. Karibu saa ile ile ndege za B-29 zilikuwa juu ya Kumagaya, mji mdogo wa kaskazini-magharibi mwa Tokyo, zikidondosha mabomu ya moto. Walikufa watu zaidi ya mia mbili. Serikali yao ilikuwa imeshakubali kusalimu amri tangu mchana.